Kumzoesha mwanapunda hatamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa zaidi na wafugaji wa punda wa Kapchorwa, Kween, Bukwo na Karamoja, na mara mojamoja na wenye farasi wa upande wa Jinja, Kampala na Ziwa Mburo. Farasi Uganda ni wachache na punda ndio wengi, kwa hiyo nimemweka punda mbele. Pale farasi anapotofautiana nimesema. Hatamu ninayoizungumzia ni ile ya kichwani tupu, isiyo na chuma cha mdomoni. Lijamu, yaani chuma hicho, ni habari ya farasi wa kupandwa, tena akishakua. Punda wa mizigo haihitaji kabisa.

Nianze lini?

Kumzoesha mkono wa mtu, anza wiki ya kwanza. Kumvalisha hatamu, kati ya wiki ya 2 na mwisho wa mwezi wa kwanza. Kumwongoza kwa kamba, kuanzia mwezi wa 2 hivi, hatua chache chache. Yote hayo yawe yamekwisha kabla hajaachishwa ziwa, yaani miezi 4 hadi 6 kwa farasi, na 6 au zaidi kwa punda.

Kuna sababu mbili za kutosubiri. Ya kwanza ni nguvu: mwanapunda wa wiki 3 mtu mmoja anaweza kumzuia kwa mikono miwili bila kumuumiza, lakini akifika mwaka mmoja atawakokota wanaume wawili mpaka mtoni. Ya pili ni kuachishwa ziwa kwenyewe. Siku mtoto anapotenganishwa na mama yake analia, hali vizuri, anazunguka boma usiku kucha. Ukichagua wiki hiyo hiyo kumtia hatamu kwa mara ya kwanza, ataiunganisha hatamu na msiba ule, na hutakuja kuitenganisha kwa urahisi.

Nimesikia kwamba ni bora kumshika siku ile ile anapozaliwa. Ni kweli?

Siku ya kwanza ina kazi zake, na hatamu haimo. Mtoto anatakiwa asimame ndani ya saa moja hivi, anyonye ndani ya saa 2, na kondo la nyuma la mama litoke ndani ya saa 3. Lazima apate dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, mapema, kwa sababu kadiri saa zinavyopita utumbo wake unashindwa kuchukua kinga iliyomo, na baada ya siku moja mlango huo umefungwa. Kitovu kitiwe dawa ya iodini. Ukiona maziwa yanamdondokea mtoto kwenye paji la uso na kiwele cha mama kimejaa hadi kinavuja, mtoto hanyonyi. Anasimama chini ya kiwele tu. Huyo anahitaji daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Mtindo wa kumpapasa mtoto mwili mzima mara tu anapozaliwa ulitoka Marekani, ukasambazwa na daktari wa mifugo Robert Miller, na wenye farasi wengi waliupenda. Waliokuja kuupima baadaye hawakuona tofauti kubwa watoto hao walipofika umri wa miezi michache. Mimi jambo lililonigeuza mawazo ni kazi ya watafiti wa Rennes, Ufaransa, iliyochapishwa mwaka 2005. Wao hawakumgusa mtoto. Walimpiga mama brashi kwa upole, dakika 15 kwa siku, siku 5 za kwanza, huku mtoto akitazama. Watoto wa mama hao wakawa wepesi kuwakaribia watu kuliko wale ambao mama zao hawakuhudumiwa hivyo.

Kwa hiyo siku hizo za mwanzo shughulika na mama. Mkune shingo, mpe majani, mzungumzie. Mtoto akija kukunusa goti, mwache anuse.

Mama mwenyewe hashikiki. Nifanyeje?

Anza na mama, hata kama mtoto atachelewa wiki kadhaa. Mtoto hujifunza woga kwa kumtazama mama: akiona mama ameinua kichwa na kuondoka kila unapoingia, na yeye ataondoka. Ukiwa na bahati ya kujua mapema kwamba jike ana mimba, basi muda unao wa kutosha, maana punda hubeba mimba kama mwaka mzima na farasi miezi 11 hivi.

Kama mama ni mkali kwa sababu tu ana mtoto mchanga, mpe siku chache. Halafu mtu anayemzoea amshike mama kwa kamba, na wewe ukae na mtoto mahali ambapo mama anamwona. Usisimame katikati yao. Majike wengi wapole kabisa wamewahi kumng'ata mtu aliyesimama pale.

Hatamu ikae vipi kichwani?

Ukanda wa pua ukae vidole viwili chini ya mwisho wa mfupa wa shavu. Ukishuka zaidi unafika kwenye sehemu laini ya pua, ambapo mfupa ni mwembamba na pumzi hupita. Hapo unamziba na pia unaweza kumvunja. Vidole viwili vipite kati ya hatamu na ngozi, pande zote. Iliyolegea sana ni hatari zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mtoto hujikuna sikio kwa kwato za nyuma, na kwato ikiingia kwenye hatamu iliyolegea anaanguka na kujivunja.

Punda ana kichwa kikubwa ukilinganisha na mwili wake, na masikio marefu asiyopenda yaminywe. Hatamu yake iwe na kifungo cha kufungulia nyuma ya masikio, upite nayo chini ya shingo na kuifunga juu, badala ya kuikokota juu ya masikio kama kofia. Kumminya masikio mara 3 tu kunatosha kumfanya akatae kuguswa kichwa mwaka mzima.

Mara ya kwanza namvalishaje?

Uwe mmezoeana. Mtoto awe anakubali ukimkuna begani, shingoni, kifuani, chini ya taya. Usimkune makalio kila siku hata kama anayaleta mwenyewe, kwa sababu akiizoea hiyo atakuwa anakugeuzia makalio kila akikuona, na mwaka ujao makalio hayo yatakuja na mateke.

Chagua kona ya boma au banda dogo, mama akiwa karibu, mtoto ameshanyonya. Simama kando ya bega lake la kushoto, ukiangalia mbele kama anavyoangalia yeye. Mkono wa kulia upite juu ya shingo, wa kushoto uzunguke kifua. Hujamkumbatia. Umeweka ua tu: akienda mbele anakuta mkono wa kifuani, akirudi nyuma anakuta nyonga yako au ukuta. Akitulia, legeza mikono bila kuiondoa. Mpe hatamu ainuse, umsugulie nayo shingo na shavu, kisha upitishe pua ndani ya ukanda, uzungushe kamba ya juu nyuma ya masikio, ufunge. Atatikisa kichwa, atapiga chafya, atajaribu kuisugua kwenye mguu wa mbele. Mwache. Mkune mahali anapopenda mpaka mdomo wa chini ulegee na aanze kutafunatafuna hewa. Hapo ndipo uivue. Ukiivua wakati anapigana nayo, umemfundisha kwamba kupigana kunaivua.

Rudia siku zinazofuata, ivae na uivue, bila kamba yoyote ya kuvuta.

Namfundishaje kutembea akiongozwa?

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa sababu wanadhani kamba ndiyo inayofundisha. Mtoto wa punda haelewi mvuto. Ukimvuta kichwa kwenda mbele, mwili wake unajibu kwa kuvuta kwenda nyuma. Hiyo ni silika, ubishi haumo. Anachokielewa ni kulegea. Ile nukta ambayo kamba ilikuwa imekaza halafu ikalegea, ndiyo inayomwambia kwamba alichofanya sasa hivi ndicho kilichotakiwa. Basi kazi yako yote ni kulegeza kwa wakati.

Usianze kwa kumvuta mbele. Simama kando ya bega, kamba fupi, ulete kichwa chake kidogo upande wako, mzigo mwepesi kama uzito wa chupa ya soda. Usiongeze. Subiri. Akipinda shingo hata kidogo, legeza papo hapo. Fanya upande wa kushoto, halafu wa kulia. Baada ya muda, utaona akipinda shingo, uzito unahama na mguu mmoja wa mbele unavuka ili asianguke. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Legeza, mkune, kaa kimya. Kwa mtu anayetazama kutoka nje ya boma hakuna kilichotokea.

Siku moja kijana mmoja wa Kween alikuwa ameng'ang'ania kamba kwa mikono yote miwili, mwanapunda ameketi chini kwa makalio, wote wawili wanahema.

“Kijana, legeza.”

“Mzee, atakimbia.”

“Ataenda wapi? Mama yake huyu hapa.”

Akalegeza. Mtoto akakaa vile vile kwa muda, akapeleka sikio moja kwa kijana na moja kwa mama, kisha akasimama, akajitikisa vumbi, akapiga hatua mbili kumfuata yule kijana aliyekuwa akimvuta muda wote ule.

Akishajua kupinda, mtu mwingine amtembeze mama mbele, na wewe umfuate na mtoto. Hapo miguu inatembea yenyewe na kamba haina kazi ila kukaa mkononi. Punguza msaada wa mama polepole: kwanza nyuma yake, kisha sambamba naye, kisha hatua chache mbele yake, kisha kuzunguka mti na kurudi. Kumwondoa kabisa machoni pa mama kusubiri, hasa kwa punda. Punda hushikamana sana na mwenzake, na mtoto anayelia hajifunzi kitu.

Kamba ya makalio inafanya nini?

Ni kamba laini unayoizungusha nyuma ya makalio, juu kidogo ya maungio ya miguu ya nyuma, ncha zote mbili zikakutana juu ya mgongo mkononi mwako. Unapomwomba aende mbele, kamba ya hatamu inaelekeza tu na ile ya nyuma ndiyo inayosukuma, taratibu, kisha inalegea anapokwenda. Inafaa sana kwa watoto wa farasi, ambao shingo zao ni ndefu na nyepesi kuumia. Mpitishie kamba hiyo mwilini bila kuitumia kwa siku kadhaa kwanza. Ikimshtukia nyuma ghafla ataruka mbele na kukukanyaga.

Wangu amegoma kabisa. Hasogei mbele, hasogei nyuma. Ni mkaidi?

Punda akiogopa husimama. Farasi akiogopa hukimbia. Tofauti hiyo peke yake imewapa punda fimbo nyingi wasizostahili. Aliyesimama anafikiri: anatazama dimbwi, mfuko wa plastiki kwenye waya, bodaboda iliyoegeshwa mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Mpe nafasi atazame, huku kamba imelegea. Akipeleka pua mbele kunusa, ameshaanza kwenda. Kama anazidi kukaza, mgeuze upande badala ya mbele, kwa sababu mnyama anayegeuka hawezi kubaki amepanda miguu minne ardhini.

Ukimpiga wakati huo, ile bodaboda iliyomwogopesha sasa ina maumivu juu yake. Kesho atagomea mbali zaidi.

Anarudi nyuma kwa nguvu na kuinuka kwa miguu ya nyuma. Nikaze kamba?

Hapana. Mfuate. Hili nalisema kwa ukali kwa sababu ndilo linaloua. Mtoto anayevutwa kichwa huku anarudi nyuma hupinduka, anaangukia kisogo, na mfupa wa nyuma ya fuvu unaweza kuvunjika. Wengine hufa palepale, wengine hubaki hawawezi kusimama. Mifupa ya shingo pia bado ni laini. Anaporudi, nenda naye, kamba ikiwa na mguso mdogo tu bila kukaza, mpaka asimame mwenyewe. Akisimama, legeza kabisa.

Ndiyo sababu fundisha kwenye nyasi au udongo laini, kamwe si kwenye sakafu ya saruji au kando ya mawe. Na mvua ikinyesha kwenye miteremko ya Elgon, ule udongo mwekundu ukiteleza, pumzikeni.

Baba yangu humfunga kwenye mti na kumwacha apigane mpaka achoke. Punda wake wote ni watulivu. Kuna ubaya gani?

Mzee wako simkosoi, alifundishwa hivyo na punda wengi walipona. Lakini unaowaona ni waliopona. Aliyevunjika shingo alichinjwa au alitupwa, na hakuna anayemtaja. Na utulivu wa mnyama aliyechoka una sura yake: macho yamefifia, masikio yamelala pembeni, haitikii hata nzi. Huyo amekata tamaa ya kutoka. Siku akiona njia ataitumia, mara nyingi akiwa na mzigo wako mgongoni, katikati ya soko.

Ukitaka mzee akubali, usibishane naye. Fundisha wako kwa njia hii na umpe kamba aongoze.

Basi lini nimfunge kwenye nguzo?

Akishaongozwa vizuri na kuitikia kila unapogusa kamba, kwa wengi ni baada ya miezi 6. Kwanza usifunge: zungusha kamba kwenye nguzo mara moja na ushike ncha mwenyewe. Akivuta, kamba inateleza kidogo na kukaza kidogo, hakuna kishindo. Akija mbele, inalegea. Akizoea, funga.

Nguzo iwe imara. Ubao wa uzio ukichomoka atakimbia nao ukimpiga miguuni. Funga kwenye usawa wa mgongo wake au juu zaidi, kamba urefu wa mkono mmoja, asiweze kuivuka kwa mguu. Tumia fundo linalofunguka kwa kuvuta ncha moja. Ukipata tyubu kuukuu ya baiskeli, ifunge kwenye nguzo kisha kamba ifungwe kwenye tyubu: akivuta inanyumbulika badala ya kumkata. Na usiondoke.

Usimfunge mtoto shingoni kwa kitanzi kinachojikaza, wala mguuni. Kitanzi kinanyonga. Kamba ya mguuni inakata ngozi mpaka mfupani, na makovu meupe unayoyaona juu ya kwato za punda wa sokoni yanatoka huko.

Somo liwe la muda gani?

Dakika 5 hadi 10 kwa mchanga, 15 kwa aliyekua kidogo. Mara moja kwa siku, asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Akifanya vizuri dakika ya 2, acha hapo hapo, hata kama umetoka mbali kuja bomani.

Naweza kumwachia hatamu siku zote ili nisihangaike kumkamata?

Usimwachie. Itanasa kwenye tawi, kwenye msumari wa banda, au kwenye kwato yake mwenyewe kama nilivyosema. Hatamu ya nailoni haikatiki, kinachokatika ni mnyama. Halafu mtoto hukua haraka kuliko jicho linavyoona: hatamu iliyomtosha mwezi uliopita inaingia kwenye ngozi ya pua na kuacha bonde ambalo halijai tena.

Mnyama asiyekamatika bila hatamu hajafundishwa bado. Rudi hatua moja nyuma, kwenye kukunwa.

Tunakwenda sokoni na mama amebeba viazi. Nimfunge mtoto kwenye shingo ya mama?

Kwenye njia za mlimani mtoto hufuata mwenyewe, kamba ya nini? Ukimfunga na mama akateleza, wanaanguka wote wawili na mzigo. Shida ni barabara kuu. Tangu lami ya Kapchorwa hadi Suam ikamilike, malori yanakuja kwa kasi, na mtoto anayecheza hurukia barabarani bila kutazama. Hapo mtoto awe na hatamu yake na mtu wake wa kumwongoza, upande ulio mbali na magari. Kama hajafika kiwango hicho, na safari ni fupi, abaki bomani na punda mwingine anayemjua. Kama ni mchanga wa wiki chache, mama naye abaki. Jike anayenyonyesha mtoto wa wiki 2 hana kazi ya kubeba gunia.

Anang'atang'ata nguo na vidole. Wanangu wanacheka.

Watakoma kucheka lini? Atakapokuwa na meno yote. Watoto wa punda na farasi wanachunguza dunia kwa midomo, na wao wakicheza huumana shingo na kurushiana mateke. Ukicheza naye hivyo umekuwa punda mwenzake. Sogeza pua yake pembeni kwa kiwiko kila anapoileta, bila hasira na bila kumpiga usoni, maana anayepigwa usoni huanza kukwepa mkono, na hatamu inapitia usoni. Usimlishe muwa wala ganda la ndizi mkononi. Weka chini au kwenye beseni.

Na watoto wa nyumbani? Wamkune, wakiwa na mtu mzima. Kamba wasishike peke yao, na yeyote anayeshika kamba, mkubwa kwa mdogo, asiizungushe mkononi. Ikunjwe mikunjo mikunjo na kushikwa katikati, ili mnyama akikurupuka kamba ipite na vidole vibaki.

Nimenunua wa mwaka mmoja kule Moroto, hajawahi kuguswa. Nimechelewa?

Hujachelewa, ila utatumia siku nyingi na boma dogo zaidi. Nunua wawili ukiweza, au mweke na punda mtulivu uliyenaye. Siku za kwanza kaa tu ndani ya boma na beseni la pumba, uso ukiwa pembeni. Kumkodolea macho kunamfukuza. Mkaribie kwenye bega, kamwe si moja kwa moja usoni wala kwa nyuma, na uondoke wewe kwanza kabla hajaondoka yeye. Hatamu inakuja baadaye, kwa hatua zile zile za mtoto mchanga. Tofauti ni kwamba huwezi kumzuia kwa mikono, kwa hiyo huna hiari ila kuwa mpole.

Akiwa ni dume, zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kumhasi kabla hujaenda mbali.

Mama alikufa, mtoto tunamnywesha wenyewe. Huyo si atakuwa rahisi?

Atakuwa rahisi kumshika na mgumu kumwongoza, kwa sababu hakuogopi wala hajui mipaka. Mpatie punda mwingine wa kukaa naye haraka iwezekanavyo, amfundishe adabu za punda. Hatamu mvalishe mapema, na chupa isitumike kumvuta.

Akishaijua hatamu naweza kumtwika jerikani ndogo ndogo?

Jerikani mbili za lita 20 ni kilo 40. Mwanapunda wa mwaka mmoja ana miguu mirefu inayodanganya macho, lakini mifupa ya mgongo ndiyo ya mwisho kukomaa. Mzigo wa kweli usubiri miaka 4. Kabla ya hapo zipo kazi nyingi za kumfunza: kuinua kwato moja moja ziangaliwe na kusafishwa, kusimama akisubiri, kupita kwenye maji, kuwekewa gunia tupu mgongoni na kuondolewa. Anayejua hayo yote, siku ya mzigo wa kwanza haishtui.

Hatamu imemchubua puani. Nipake nini?

Vua hatamu, usiirudishe mpaka ngozi ifunge. Osha kwa maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, yenye chumvi kidogo, na ulinde nzi wasitue. Usipake oili ya gari wala unga wa betri. Nimeviona vyote viwili. Kidonda kirefu, chenye usaha, au kilichoingia udongo, muone daktari wa mifugo, kwa sababu punda na farasi hushikwa na pepopunda kwa wepesi mno, na chanjo yake ipo.

Hatamu ndogo za watoto siuziwi popote. Nipate wapi?

Hata mjini ni shida, zile za dukani ni za farasi wakubwa. Mpelekee fundi viatu wa sokoni vipimo na vifaa. Mkanda kuukuu wa kiti cha gari ni mzuri kwa sababu ni mpana, laini na haukati. Kamba ya pamba iliyosokotwa pia inafaa. Katani kavu na ile kamba ya plastiki ya buluu inayofungia mizigo ziache, zinachubua.

Pima kwa uzi: kwanza kuzunguka pua, vidole viwili chini ya mfupa wa shavu, ongeza nafasi ya vidole viwili. Kisha kutoka shavu moja, kupitia nyuma ya masikio, mpaka shavu la pili, uache kipande cha ziada cha kulegeza anavyokua. Kwa kuwa mkanda wa gari haukatiki, mwambie fundi aweke kipande kifupi cha ngozi nyembamba kwenye sehemu ya nyuma ya masikio, kiwe ndicho kinachokatika mtoto akinasa. Kingo za ndani ya ukanda wa pua zikunjwe na kushonwa upande wa nje, ncha za uzi zisimguse. Kamba ya kuongozea iwe ya mita 2 na nusu hadi 3, unene wa kidole gumba.